Rafiki karudi likizo, mnakutana chai ya saa kumi: usijivalie tu

Jamani naomba hili niliseme mapema kabla likizo haijakolea, maana sasa hivi Mbeya inaanza kujaa watu wetu wanaorudi, wa Dar, wa Dodoma, wa Mwanza, wengine wanatoka nje kabisa wanashukia uwanja wa ndege wa Songwe na mabegi yao, na kila mtu hapa mjini ana mtu wake anamsubiri. Na kila msimu nasikia kitu kilekile kwa mashoga zangu, "aah si fulani tu, ananijua vizuri, ntajitupia chochote tukanywe chai". Mi hapo ndo nakataa. Nakataa kabisa.

Hebu tuangalie tunavyoishi. Harusi ya mtoto wa jirani yake mama mdogo, bibi harusi ambaye jina lake unaliuliza mlangoni, unashona sare, unatoa mchango, saluni umekaa tangu asubuhi. Sendofu tunatoka tumependeza, kicheni pati tumependeza, kipaimara tumependeza. Halafu yule mliyelala naye bweni yeye kitanda cha juu wewe cha chini, aliyekukatia nusu ya sabuni yake mwisho wa muhula, aliyekushika mkono siku mnamzika baba, huyo akija siku zake chache za likizo unamfuata na kanga uliyokuwa unapikia na ndala. Kwa nini anayekupenda zaidi ndo apate nguo zako za mwisho? Mtu akikuona umejiandaa anaelewa kwamba ulikuwa unamsubiri, hata kabla hamjasalimiana.

Wa kwangu tulikuwa wote shule ya Loleza, tukamaliza, akaolewa Mtwara na kazi akapata hukohuko, ikawa ni maisha ya simu tu, leo mtoto anaumwa, kesho mtandao hakuna, keshokutwa nimechoka ntakupigia, miaka ikaenda. Alipokuja likizo mwezi wa saba tukakubaliana chai ya saa kumi, na mi nawashauri wote muda huo, kwa sababu mchana mtu aliyerudi ana ndugu wa kuwasalimia na usiku watoto wanamtaka, ila kuanzia saa kumi mpaka giza linaingia pale anaweza kuwa wa kwako peke yako na hakuna atakayenuna. Haya ninayoyaandika nimeyatoa siku ile na siku nyingine za namna hiyo, pia kuna mashoga nimewavalisha mwenyewe.

Cha kwanza ni baridi na hapa ntakaa kidogo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku joto linashuka mpaka chini ya nyuzi 10, hilo mwenyeji yeyote analijua, lakini saa kumi inadanganya hata wenyeji. Saa kumi jua lipo tena kali, anga limefunguka, unatoka na gauni la mikono mifupi unajiona umepatia kabisa, kufika saa kumi na moja na nusu upepo umeanza kushuka kutoka milimani, jua likizama mnamo saa kumi na mbili na nusu huko meno yanagongana. Na ndo kwanza mmefika kwenye stori zenyewe! Maana saa ya kwanza yote ni habari za watoto na habari za kazi, yale ya moyoni yanakuja baadaye, mtu akishashusha pumzi. Sasa kama saa hiyo mmoja anajikunyata anaangalia simu ajue muda, basi stori zimekufa. Nimeona chai nyingi za huku kwetu zinavunjwa na baridi tu, wala siyo kwamba watu wamemaliza kuongea.

Kwa hiyo mi huwa naanzia ndani kuja nje. Fulana ya kubana chini ya gauni, taiti nzito, gauni lenyewe, halafu juu kitu cha kufungua mbele, sweta la vifungo au koti. Siyo sweta la kuvalia kichwani, hilo ukilivua linaondoka na kilemba na nywele zote na hereni moja juu. Na tafadhali lile koti lihesabu kama ndo nguo yako, usishone gauni la kupendeza halafu juu ukabandika sweta lolote lililokuwa mlangoni, maana kuanzia saa kumi na moja rafiki yako anachokiona ni koti, gauni liko chini huko halionekani. Chagua koti kwanza halafu tafuta gauni la kuendana nalo. Mitumba ya Mwanjelwa na Sido ina makoti ya sufu mazuri mno, nenda asubuhi wanapofungua belo, angalia kwapani, angalia bitana ndani, vuta vifungo, likiwa kubwa mabegani fundi atalipunguza. Lifue na lianike siku kadhaa ile harufu ya mtumba itoke yote.

Halafu kuna yeye sasa. Mtu aliyezoea joto akija huku anakuwa ameshasahau, hata kama amezaliwa hapahapa mtaa wa Soweto, mwili umesahau, atakuja na dera na sandozi nzuri za kung'aa na kamtandio kepesi. Beba cha kumfunika. Mi nilinunua doti ya kanga, nikaichagua na jina lake kabisa ambalo najua litamgusa, ile saa upepo ulipoanza nikamfunika magoti na mabega, na akaondoka nayo. Usimuulize shoga unasikia baridi, atakwambia hapana niko poa, we mfunike tu.

Tuje kwenye gauni lenyewe. Huku kwetu kitenge hakina mpinzani na tuna bahati ya kuwa karibu na Tunduma, vitenge vinavyopita pale mpakani vinafika Mbeya vikiwa vya kila rangi. Ila kwenye mshono mnaniudhi, mnashona vya kubana kiunoni na kwenye mapaja kama mnaenda kusimama kwenye ukumbi. Chai ni ya kukaa. Unakaa saa mbili, unakula andazi, unakula kitumbua cha mchele wa Kyela, unakula sambusa, unacheka mpaka unainama, unainuka kumkumbatia mtu, unakaa tena. Gauni la chai linajaribiwa ukiwa umekaa, na ukienda kwa fundi vaa halafu kaa kwenye kiti chake palepale, inama mbele kama unachukua kikombe, nyoosha mikono yote miwili kama unamkumbatia mtu mrefu kuliko wewe. Likikuvuta mgongoni mwambie afungue mshono. Na tarehe mpe ya uongo, mwambie unalihitaji wiki moja kabla, mafundi wetu tunawapenda lakini wote tunawajua.

Hata Waingereza wenyewe ambao ndo wanaoringia chai ya alasiri walikuja kulielewa hili. Inasemwa mambo yalianza na Duchess wa Bedford, Anna, kwenye miaka ya 1840, chakula cha usiku kilikuwa kinachelewa mno anasikia njaa mchana ukiisha, akawa analetewa chai na vitafunwa chumbani, baadaye akaanza kualika wenzake na ikawa desturi ya mabibi wakubwa. Na wakati huo wanawake wao walikuwa wanajifunga kiuno kwa nguo ngumu za kubana mpaka kupumua ni kazi, basi kufika miaka ya 1870 ikatokea aina ya gauni maalumu la chai, refu, laini, la kupwaya, unalivaa nyumbani bila ile nguo ya kubana. Yaani walipendeza na wakapumua. Hicho ndo nakitaka mimi, uonekane umevaa kweli na bado mbavu zako ziwe huru kucheka.

Mikono ya gauni iwe mifupi au ibane kwenye kifundo, ile mipana ya kumwagika ni mizuri kwenye picha lakini kila ukinyoosha mkono kuchukua sukari inapita juu ya kikombe cha mwenzio. Nyeupe tupu siishauri. Chai ikimwagika kwenye kitenge chenye maua mengi hakuna anayejua, ikimwagika kwenye nyeupe jioni nzima mnaongelea doa. Na ikitokea imemwagika, maji ya baridi haraka, hasa ikiwa chai ya maziwa, maji ya moto yanayakamatisha maziwa kwenye kitambaa na kulitoa tena inakuwa shughuli.

Nywele ziguse siku mbili au tatu kabla, siyo siku yenyewe. Ukisuka leo na chai leo kichwa kinauma, paji la uso limevutwa, hata tabasamu linakuwa la shida. Wigi linafaa, ila Julai na Agosti upepo wetu mnaujua, kama mnakaa bustanini libane vizuri au funga kilemba, na kilemba cha kitambaa kilekile cha gauni kinampa mtu heshima hata kama nywele hazijatengenezwa, kina mama wengi wanaonipigia wakiwa na hela kidogo huwa nawaambia acha saluni, funga kilemba. Pafyumu weka kidogo, nyuma ya masikio basi. Chai yetu ina tangawizi, ina iliki, ina mchaichai, hiyo harufu ni sehemu ya siku na rafiki yako ameikumbuka, usije ukaifunika.

Viatu inategemea mnakutania wapi. Hotelini au nyumbani kwako vaa unachotaka. Ila mkiamua kupanda mpaka Tukuyu, na mi nawaomba mpande walau mara moja, ni kama kilometa 70 tu kutoka Mbeya, hapo mambo yanabadilika. Rungwe mvua haina ratiba, unaacha jua Uyole unakuta ukungu na manyunyu mbele, udongo unanata, kisigino kinazama mpaka mwisho. Kiatu cha kufunika chenye soli ya kushika, kisafishwe kiwe kinang'aa, kinapendeza na gauni refu kuliko watu wanavyodhani. Kisigino kama unakipenda sana kibebe kwenye mfuko uvae mkishakaa. Na mwavuli, usiulize mvua itanyesha au haitanyesha, beba.

Uzuri wa Tukuyu ni kwamba mnakunywa chai mkiwa mmezungukwa na chai yenyewe. Zao hili liko Rungwe tangu wakati wa Mjerumani mwanzoni mwa karne ya 20, biashara yenyewe hapa nchini ikashika kuanzia mwaka 1926, na ukipita Katumba unaona yale mashamba yamekatwa juu sawasawa, kijani mpaka macho yanapumzika. Sasa kama mtapiga picha na najua mtapiga, msivae kijani, utapotea kwenye majani ubakie kichwa tu. Njano, nyekundu, rangi ya chungwa, bluu nzito, hizo zinatoka vizuri sana pale, hata siku ya ukungu. Na kwa vile ni shamba la mtu piga picha pembezoni, ombeni ruhusa kabla ya kuingia, msivunje michai kwa ajili ya selfi. Kwa wa Mafinga na Mufindi ni hivyohivyo, ila baridi ya Mufindi ongeza sweta jingine, na Njombe ongeza mawili.

Kwa walioko Iringa mimi nina sehemu yangu, mgahawa wa Neema Crafts, ule mradi ulioanza mwaka 2003 kwa ajili ya kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa kuandika na kwa ishara, na kitu kimoja nakipenda pale ni kwamba mtu analazimika kumwangalia mwenzake usoni, simu unajikuta umeiweka pembeni. Wanauza pia kazi za mikono, hereni za shanga na vitu vya kufuma, kwa hiyo nenda umevaa vizuri ila masikio yaache wazi, nunueni hereni zinazofanana mzivae palepale. Iringa mchana jua linachoma ila jioni nayo ina upepo wake, yale ya koti yanabaki vilevile, hasa kama baadaye mna mpango wa kupanda jiwe la Gangilonga kuangalia mji.

Sasa kuna jambo linalowasumbua wengi kuliko nguo zenyewe na watu hawalisemi. Hamjaonana miaka, mmoja maisha yamemfungukia na mwingine bado anapambana. Huyu wa huku anawaza atanionaje, yule anayekuja anawaza nikivaa vizuri atasema naringa. Dawa yake ni ndogo, ongeeni siku moja kabla. Mtumie mesej tu, "mi kesho nataka kuvaa kitenge changu cha njano na kilemba, we je?" Hapo mmeshapanga wote, hakuna atakayemzidi mwenzake kwa bahati mbaya, na raha ya siku inaanza jana yake. Ukijua mwenzio hali imebana, wewe punguza, acha dhahabu nyumbani. Na kama wewe ndo imebana, usikope nguo. Nakwambia kabisa usikope, jioni yote utakuwa unawaza usije ukaichafua. Chukua ile nzuri uliyonayo, ifue, ianike kivulini rangi isipauke, ipige pasi mpaka kwenye mikunjo ya ndani, kata kucha, paka mafuta mpaka kwenye visigino, mkoba ufute vumbi. Mtu msafi aliyepigwa pasi amevaa, hakuna wa kusema hajavaa.

Na mwili. Wapo wanaokimbia kukutana na rafiki kwa sababu wamenenepa baada ya uzazi, wengine wamekonda kwa maradhi, wengine nywele zimeondoka kwa dawa. Dada yangu, mdogo wangu, usikose siku hiyo kwa sababu ya mwili. Usijibane kwenye nguo ya zamani ili uonekane bado uleule, hiyo nguo itakutesa na yeye ataona inakutesa. Shona kwa vipimo vya leo. Aliyekonda avae kitambaa chenye uzito na mkunjo, siyo chepesi cha kuning'inia, aliyenenepa aachane na mkanda wa kubana tumboni, asiye na nywele afunge kitambaa laini cha pamba chini ya kilemba kisimkwaruze. Mi shoga yangu mmoja alikuja kwenye chai akiwa anatoka kwenye matibabu marefu, alivaa gauni la rangi ya zambarau na kilemba kikubwa na lipstiki nyekundu, tulilia kidogo tukala maandazi mengi, na mpaka leo ile picha ndo imekaa mezani kwake.

Ukiwa kwenye msiba pia, ukiwa ndani ya kipindi cha kuvaa nyeusi au kaniki, vaa hivyohivyo, iwe safi, rafiki wa kweli atakaa na wewe hivyo na hatakuuliza kwa nini.

Kina kaka nanyi msidhani hayawahusu, rafiki yako wa jeshini au wa chuo anakuja na wewe unatoka na tisheti ya kampeni. Shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, koti, viatu vilivyopigwa rangi, basi, siyo kazi kubwa.

Kitu cha mwisho ni usafiri. Kama unapanda bajaji funika gauni na kanga mpaka ufike, vumbi la kiangazi linaingia kila mahali, na bodaboda na gauni refu naomba msahau kabisa, kitambaa kinaingia kwenye tairi na watu wameumia. Kubaliana na dereva kabisa arudi saa ngapi, mwongezee muda, msije mkaanza kukimbizana na giza katikati ya maongezi.

Wa kwangu anakuja tena Desemba, mvua zitakuwa zimeshaanza na tunataka safari hii tupande hifadhi ya Kitulo kuangalia maua, kule ni baridi na matope kwa pamoja, kwa hiyo buti zinahitajika na magauni yataishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Vipimo vyake alinitumia juzi kwa simu, nimeshapeleka vitenge vyote viwili kwa fundi, cha kwake na cha kwangu, na nimemwambia fundi nataka mwishoni mwa Novemba.